Huyu Si Mtu, Bonyeza

Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, palikuwa na chumba cha gemu ambapo nusu saa ilikuwa shilingi 20. Televisheni nne, mabenchi, na feni ya darini iliyolia kama paka mwenye njaa. Wengi walikuja kucheza mpira, na ami mwenye chumba aliwapenda hao kwa sababu mechi huanza, ikaisha, mtu akatoka na mwingine akaingia. Sisi watatu wa Final Fantasy, mfululizo wa gemu ndefu za hadithi, tulimharibia hesabu. Tulichanga pesa za chai ya shule, tukapewa televisheni ya pembeni ambayo rangi zake zilikuwa zimegeuka kijani, tukakaa. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mkubwa wetu, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyesoma na kututafsiria, na saa ya ukutani ilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Kutafsiri kulikula dakika, na dakika zilikuwa pesa, basi akajifunza kupunguza. Mfalme akizungumza, tulitafsiriwa. Adui mkuu akitishia, tulitafsiriwa. Lakini mzee aliyesimama langoni mwa kijiji, mama aliyekuwa jikoni mwake, askari wa zamu, hao wote walikuwa na hukumu moja: "Huyu si mtu, bonyeza." Mwenye padi alibonyeza, maneno yakakimbia, tukaenda zetu.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizicheza upya gemu hizi, moja baada ya nyingine, usiku watoto wakishalala, na safari hii hakuna anayenihesabia dakika. Nasoma kila mtu. Nimefika mahali pa kusema hivi na ninamaanisha: mambo mazito zaidi ya mfululizo huu waandishi wake waliyaweka midomoni mwa wale tuliokuwa tukiwaruka. Mashujaa wamepewa panga, fuwele na kazi ya kuiokoa dunia. Msiba wa kawaida, deni, majuto ya kazi uliyoifanya ujana wako, kumngoja mtu asiyerudi, hayo wamepewa wengine.

Nianze na samaki.

Final Fantasy VI ilitoka Japani mwaka 1994 kwenye mtambo wa Super Famicom, sisi tukaipata baadaye kwa sidii ya PlayStation. Katikati ya hadithi, adui anashinda. Anashinda kweli, Kefka anaivuruga dunia na ardhi inapasuka. Kisha mchezaji anazinduka akiwa na mtu mmoja tu, Celes, aliyekuwa jenerali wa Dola, kwenye kisiwa kidogo kisicho na chochote. Amelala mwaka mzima. Aliyemuuguza muda wote huo ni Cid, mzee mwanasayansi wa Dola hiyo hiyo, ambaye Celes anamwita babu ingawa si damu yake. Wengine waliokuwa nao kisiwani walikata tamaa, wakajirusha kutoka jabalini. Wamebaki wawili.

Mara Cid naye anaugua. Hajala kwa siku kadhaa. Celes inambidi ashuke ufukweni akamvulie samaki, na hapo gemu inakuachia padi bila maelekezo. Kuna samaki wa kasi na kuna wanaojikokota. Wa kasi ndio wazima. Anayejikokota ni mgonjwa, na ukimlisha mzee unamzidishia. Huku nyuma kuna hesabu iliyofichwa ya uhai wake, inashuka kila sekunde unayopoteza.

Watoto wa Mombasa, tuliozaliwa tukisikia harufu ya bahari, tulianguka mtihani huu. Mtoto wa Mji wa Kale anatumwa samaki kabla hajajua kusoma. Anafundishwa na mamake: tazama jicho, fungua shavu uone kama ni jekundu, bonyeza ubavu, nyama ikirudi juu nunua, ikibaki shimo mwachie mwenyewe. Yote hayo tuliyajua. Lakini kwenye skrini ya kijani tuliokota yeyote aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ndiye aliyekuwa mgonjwa, kwa sababu tulikuwa na dakika kumi na moja na tulitaka kufika kwenye vita. Cid akafa. Celes akapanda jabalini akajirusha, akapona, akamkuta ndege aliyefungwa kitambaa cha Locke, mwanamume anayempenda, na hapo ndipo akapata sababu ya kuendelea kuishi. Mfasiri wetu akasema ndivyo hadithi ilivyo. Mzee lazima afe.

Niliamini hivyo miaka na miaka. Toleo jipya la simu lilipotoka mwaka 2022 nililinunua, nikafika tena kisiwani, na safari hii nikakaa ufukweni. Nikawaacha wa polepole wapite. Nilingoja mpaka atokee mmoja aliyekata maji kama mshale. Nikampelekea. Nikarudi. Nikampelekea mwingine. Baada ya safari nyingi Cid akainuka kitandani, akasema yuko salama, akamwonyesha Celes chelezo alichokuwa amekiunda kwa siri ili aondoke kisiwani.

Nilizima simu nikakaa gizani. Chelezo ni kile kile. Akifa, anamwachia Celes barua ya kumwelekeza kilipo. Yaani mzee alikuwa ameshamtengenezea binti njia ya kutoka kabla hajajua kama yeye mwenyewe ataamka. Na huyu si mtu mwema wa asili. Ndiye aliyeongoza kazi ya Dola ya kuwafunga viumbe wa kichawi na kuwakamua nguvu zao, na Celes mwenyewe ni zao la maabara yake. Gemu haikumpa hotuba ya kujitakasa. Imempa kitanda, homa, mbao chache na mtoto mmoja wa kumtunza. Nimesoma riwaya nzima zilizoshindwa kusema haya.

Wako wachezaji, na nawaheshimu, wanaoshikilia kwamba kifo chake ndiyo hadithi sahihi, kwa kuwa tukio la jabalini lina nguvu kuliko mzee kupona na kuaga. Nguvu linayo. Lakini mimi simwui Cid tena ili nipate machozi mazuri. Nikishajua kuwa samaki mzima yumo majini, kumpa mbovu kwa ajili ya onyesho ni kuurudia ule mchezo wetu wa Kibokoni.

Jina Cid, kwa asiyeujua mfululizo huu, limekuwamo karibu kila toleo tangu la pili la 1988, kila safari mtu mwingine, mara nyingi fundi au mjuzi wa mitambo. Kuna na jozi nyingine inayorudi, Biggs na Wedge, majina yaliyochukuliwa kwenye filamu za Star Wars. Katika VI ni askari wawili wa Dola wanaotoweka hata hujatulia kwenye kiti. Mwaka 1997, katika VII, wamekuwa vijana wa kundi la Avalanche pamoja na Jessie, wanaolipua mitambo ya kampuni ya Shinra inayofyonza uhai wa sayari. Huko nako hawadumu. Shinra inaiangusha sehemu nzima ya mji wa juu iwaponde walalahoi wa chini, na wote watatu wanaanguka kwenye ngazi za nguzo waliyokuwa wakiilinda.

Jessie ndiye ninayemkumbuka. Tulimwita "yule wa vitambulisho", kwa kuwa kazi yake tuliyoielewa ilikuwa kutengeneza vitambulisho bandia vya kupandia treni. Maneno yake ya mwisho tuliyapita mbio, tukikimbilia juu. Kumbe pale ngazini, akiwa anakata roho, anasema huenda hii ni adhabu yao, kwa sababu vitendo vyao vimeua watu wengi. Msichana wa pembeni, katika mistari michache, anaulizia swali ambalo mashujaa wanalikwepa saa nyingi: je, waliokufa kwenye mtambo tulioulipua walikuwa nani? Walikuwa watu wa zamu. Walikuwa "si mtu".

Gemu hii ilipoundwa upya mwaka 2020, Jessie alipewa nyumba. Tunaenda kwao, mamake anapika piza, babake yuko kitandani hajitambui kwa sumu ya mako, ule uhai wa sayari unaofyonzwa, aliyoipata kazini kwa Shinra hiyo hiyo. Tunaambiwa alikuwa anataka kuwa mwigizaji. Haya nimeyapenda kwa moyo wote. Ndivyo inavyotakiwa, mtu akaribishwe kwao aonekane ana wazazi. Kisichonikaa ni kumwokoa Wedge wakati mji unaanguka, na kumwonyesha Biggs mwishoni akiwa hai kitandani. Uzito wa vifo vya 1997 ulitokana na kwamba hakuna aliyewaomboleza ipasavyo, dunia ikasonga na wewe ukasonga nayo, ukabaki na deni. Ukianza kuwarudisha mmoja mmoja, deni linafutwa. Final Fantasy IV ya 1991 ilikuwa na kosa hilo hilo tangu zamani. Mapacha Palom na Porom, watoto wadogo wachawi, wanajigeuza mawe kwa hiari yao ili kuzizuia kuta zisiwaponde wenzao, na ni tukio la kukukata maini. Kisha baadaye wamerudi wazima, na Yang yu hai, na Cid yu hai. Katika wale waliojitoa mhanga mmoja baada ya mwingine, mzee Tellah peke yake ndiye aliyebaki amekufa.

Narudi VII, maana kuna mwanamke sijamtaja. Elmyra ni mama wa kulea wa Aerith, mmoja wa mashujaa wa gemu hii. Utamkuta ndani ya nyumba yenye maua, utabonyeza, utapanda ghorofani. Ukimsikiliza anakuambia kuwa mumewe alipelekwa vitani, naye akawa anaenda stesheni kila siku kumtazamia. Siku moja akamkuta mwanamke anakufa pale stesheni na mtoto mdogo pembeni yake, akaambiwa amchukue mtoto amfikishe mahali salama. Akamchukua. Baadaye mtoto yule akamwambia asilie: mtu ampendaye amefariki, roho yake ilikuja kumwona lakini ikarudi kwa sayari. Siku chache hazikupita, ikaja barua kwamba mume amekufa.

Mji huu unamjua Elmyra. Mombasa ni mji wa mabaharia, na kwa kila baharia aliyepanda meli Kilindini kuna mtu aliyebaki nyumbani na kalenda. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kiti chake cha ukindu karibu na dirisha la juu, na hata alipokuwa hana tena wa kumngoja, honi ya meli ikilia aligeuza kichwa. Kwa hiyo nilipofika kwa Elmyra mara ya pili niliweka simu chini, nikaenda kunywa maji.

Hata hadithi zetu wenyewe tunazisoma kwa kubonyeza. Muulize mtu yeyote wa pwani habari za Fumo Liyongo, atakupa urefu wake, mishale yake, ushairi wake, na sindano ya shaba iliyomuua. Atakueleza alivyotoroka gerezani huku ngoma ya gungu ikichezwa. Muulize sasa tupa iliyokata minyororo ilimfikiaje. Aliipeleka Saada, kijakazi, ndani ya mkate wa wishwa uliopikwa na mamake Liyongo. Walinzi walikula vyakula vizuri, wakaudharau mkate wa makapi ukapita. Ujumbe wa kwenda ulipita mdomoni mwa Saada, tupa ya kurudi ilipita mikononi mwake, mbele ya macho ya watu wenye mikuki. Angegunduliwa, isingekuwapo hadithi, na yeye asingekuwapo. Baada ya hapo tenzi haina tena haja naye. Nimeuliza tangu utoto Saada aliishia wapi, jibu ninalopewa ni tabasamu.

Katika Final Fantasy X, ya mwaka 2001, mfululizo umefika mahali pa kukupa wewe mchezaji hukumu ya mtu wa pembeni bila kukuambia kuwa ni hukumu. Kisiwani Besaid kuna askari wawili wa kujitolea, Luzzu aliye mkubwa na Gatta aliye kijana. Utawakuta njiani mara kadhaa, wanasalimu, wanapita. Luzzu ndiye aliyemshawishi Chappu kujiunga na jeshi, na Chappu, mdogo wa Wakka, mmoja wa mashujaa tunaosafiri nao, alikufa huko. Siku Luzzu anapokiri, Wakka anampiga ngumi. Kisha inakuja operesheni ya Mi'ihen, ambapo majeshi yanataka kumwua Sin, dubwana linaloitesa dunia, kwa silaha za mitambo. Gatta amewekwa nyuma alinde, amenuna, anataka kwenda mstari wa mbele. Anazungumza nawe, nawe unachagua neno la kumwambia. Ukimtia moyo aende akajithibitishe, anakufa Gatta. Ukimwambia atii amri, anakufa Luzzu. Hakuna tarumbeta. Nilimwambia aende, kwa kuwa ndilo neno la kiume tulilofundishwa, na sikukumbuka hata kuwa nilisema mpaka nilipomkuta.

Chappu mwenyewe ametangulia kufa kabla hadithi haijaanza. Tunamjua kwa midomo ya watu: alikuwa mchumba wa Lulu, shujaa mwingine wa kundi, anafanana na Tidus, shujaa mkuu tunayemchezesha, na upanga aliopewa na kaka yake aliuacha nyumbani siku ile, akaenda na silaha ya mitambo. Wakka anampa Tidus upanga huo. Ukiutumia saa arobaini unasahau kuwa ni wa marehemu.

Na yuko Maechen. Mzee mwenye ndevu, anasimama njiani karibu kila pahala pa maana, anakueleza historia ya mahali hapo, kisha anauliza kama ungependa kusikia zaidi. Unaweza kukataa. Ninaapa sidhani sisi watatu tuliwahi kumkubalia hata mara moja tulipohamia PlayStation 2. Katika Final Fantasy X-2, ya 2003, ukimfuata mpaka mwisho unagundua kuwa ni maiti. Alikufa zamani, kiasi cha miaka elfu moja, akabaki duniani akizunguka na kusimulia mpaka mwenyewe akasahau kuwa amekufa.

Jirani yetu mmoja alikuwa akikaa barazani kila baada ya Alasiri na buli lake la kahawa. Ukipita na kumwamkia, "Shikamoo babu," alijibu na papo hapo alianza: Wareno walivyoanza kujenga Ngome mwaka 1593, Waomani walivyoizingira karibu miaka mitatu mpaka Desemba 1698, nani alikula nini humo ndani, ndugu gani walimsaliti nani. Alikuwa na mambo ya ukoo wake ambayo hayamo katika kitabu chochote. Siku aliponiambia, "Kaa, mjukuu wangu, leo nikumalizie ile ya kisima," nilikuwa na shilingi 20 mkononi. Nikamwambia nitarudi. Sijui ya kisima iliishaje, na hakuna aliyebaki wa kumwuliza.

Najua jibu la wanaopinga, kwa sababu rafiki yangu, yule mfasiri mwenyewe, ambaye sasa ana watoto wanne na duka la vipuri, alinijibu tulipokutana kwenye feri ya Likoni. Alisema wahusika hawa ni vyombo vya hadithi, wamewekwa ili shujaa asiwe peke yake, na ukianza kumlilia kila mmoja hutamaliza gemu. Nusu ya maneno yake nayakubali. Si kila mwanakijiji ana kisa. Wengine wamewekwa wakuambie duka la dawa liko upande gani, na hao bonyeza kwa amani. Lakini mtu aliyeandika habari za Elmyra pale stesheni hakuwa anatengeneza chombo. Hilo la pili alilinyamazia, feri ikagonga ng'ambo, tukashuka.

Wiki iliyopita mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja alikuja kulala kwetu, nikampa simu acheze VI. Alifika Bara Linaloelea, pale dunia inapokaribia kuvunjika. Kundi linakimbia, saa inahesabu kwenda chini, na ukifika ukingoni chombo chako cha angani kiko tayari. Unaulizwa: ruka, au ngoja? Shadow, yule mamluki wa kujifunika uso anayetembea na mbwa, aliyebaki nyuma kumzuia Kefka, bado hajafika. Ukiruka, umemwua. Gemu haikuambii. Ukingoja mpaka zibaki sekunde kama tano, anatokea.

Sisi Kibokoni tuliruka. Bila shaka tuliruka.

Kidole cha mpwa wangu kilikuwa juu ya neno. Nikamwambia, "Ngoja."

"Tunamngoja nani, mjomba?"

"Ngoja tu."

Akangoja. Nilimwona anavyoteseka, magoti yanacheza. Sekunde ishirini, kumi, saba. Kisha Shadow akaja mbio, wakaruka pamoja, na mtoto akapiga kelele mpaka mamake akagonga ukuta. Nilidhani atataka kuendelea haraka aone kilichotokea duniani. Akasevu, akaiweka simu kifuani, akatazama dari kwa muda.

"Mjomba, yule mbwa wake je?"